Rangi ya Jino la Nyanchera

Jino la kauri halibadiliki rangi. Makori, daktari wa meno mjini Kisii, alilijua hilo vyema, ndiyo maana mchumba wake Roselyne alipofungua mdomo dirishani, alimsogeza kwenye mwanga akatazama tena. Jino la mbele alilomvisha juzi juu ya kisiki cha jino lake lilikuwa limegeuka rangi ya asali kwenye ufizi, na nchani pana doa jeupe.

"Si nilikuambia?" Roselyne alisema. "Kule saluni wananiuliza nimeanza lini kunusa tumbaku."

Makori alilijua doa lile. Lilikuwa la Nyanchera, mkewe, aliyelala kaburini migombani kule Magwagwa. Kila kinywa kina rangi yake, na enzi ya uhai wake hakuna sampuli, vile vijino vya kauri vya kulinganishia rangi, iliyolingana na meno ya Nyanchera, basi Makori akamchomea mwenyewe sampuli yake moja tanurini. Kwa Roselyne zote zilikataa isipokuwa hiyo. Akaitumia kupatia rangi ya jino jipya, asimwambie.

Tangu hapo kliniki ilinuka chinsaga iliyochemshwa kwa maziwa, mboga ya Nyanchera, ilhali hapakuwa na jiko. Na kila Roselyne alipomshika Makori mkono, meno yalisikika yakisagana chumbani, nao wote wawili meno yao yametulia.

Shangazi yake Makori, Drusilla, mama wa kanisa, aliinusa harufu ile akamvuta kando. "Mwanangu, hili si jini la Pwani la kufukiziwa ubani," alinong'ona. "Ni ebirecha, roho za watu wetu. Umemvalisha mgeni kitu cha mwenye nyumba! Kitoe, nikamrudishie kaburini kwake, la sivyo atambeba huyu binti mzima."

Drusilla alingoja mlangoni na leso yake. Makori alimchoma Roselyne sindano ya ganzi, akalitoa jino, likamtulia kiganjani likiwa na joto. Na alipoinama kuangalia kisiki aliona meno ya jirani yakiiva rangi ya asali, moja baada ya jingine, na harufu ya chinsaga ikapanda, na kutoka koo la Roselyne, aliyekuwa amefumba macho huku machozi yakimtiririka, ikatoka sauti ambayo Makori alikuwa ameililia mwaka mzima.

"Huyu unampeleka wapi na kicheko changu, Makori?"

Makori alilifumbata jino.

"Mpe shangazi hilo jino, basi. Uoe. Lakini mimi sitakuja tena."

Roselyne alifumbua macho. Yalikuwa yake bado, yenye hofu, yakimsihi. Akaashiria mlangoni kwa kichwa: mpe.

"Umelitoa?" Drusilla aliuliza.

Makori aliichukua ile sampuli mezani, akaifungia kwenye leso ya shangazi.

"Nimelitoa. Nenda nalo, shangazi."

Nyayo zilipopotea ngazini, alipaka gundi ndani ya jino, akalirudisha juu ya kisiki, akalibana kwa kidole gumba, kwa nguvu, huku akimfunika Roselyne macho kwa mkono wa pili.