Mlio Uliotoka Lyon

"Leo tramu zimegoma tena, chérie. Mji mzima unatembea kwa miguu."

Nazira alicheka, simu kaibana kati ya sikio na bega, mkononi kisu na kitunguu.

"Tena? Si ulisema wameshakubaliana?"

"Walikubaliana, wakakosana. Ndiyo Lyon hiyo. Halafu mto umejaa, maji yamepanda mpaka kwenye njia ya baiskeli. Asubuhi nimeona bata wanaogelea pale ninapopita kwenda kazini."

"Masikini! Na yule mama wa mikate?"

"Amefunga duka. Kabandika karatasi mlangoni: binti yangu kajifungua, leo kuleni mikate ya jana."

Nazira akacheka mpaka akaegemea sinki. Alimpenda mwanamume huyu kwa namna aliyodhani ameshaisahau tangu alipoachana na mume wake wa kwanza. Walikutana Julai, kwenye harusi ya jamaa wa Bukavu hapa Toronto. Déogratias alikuwa mgeni kutoka Ufaransa, mrefu, mpole, Kiswahili chake cha Kivu kimechanganyika na Kifaransa. Oktoba akamuaga kwamba anarudi Lyon kumalizia mkataba wa kazi, na kwamba mwezi wa pili atarudi moja kwa moja, waoane. Tangu hapo alimpigia kila siku na kumpa habari za mji wake. Nazira hakuwahi kukanyaga Lyon, lakini alijua soko lipi lina jibini nzuri na kona ipi wazee hucheza karata.

"Mbona umesimama muda wote?" Déogratias akauliza. "Vuta kiti ukae, utachoka."

"Umejuaje kama nimesimama?"

Déogratias akakohoa kidogo.

"Sauti yako. Mtu akisimama, anapumua tofauti."

"Haya, mganga wangu," alisema Nazira, akatafuta kiti.

Hakuwahi kukaa. Simu ilimpigia kelele sikioni, ule mlio mkali wa tahadhari ambao serikali ya mkoa hupiga kwenye simu zote za Ontario kwa pamoja mtoto akipotea. Sebuleni simu ya mama yake nayo ililia. Nazira akabonyeza haraka, mlio ukakoma. Mama naye akauzima wa kwake.

Lakini ndani ya sikio la Nazira mlio haukukoma. Uliendelea, ule ule, ukitokea upande wa Déogratias. Kisha ukafifia ghafla, kama kitu kimefunikwa kwa mto.

"Déo? Nini hicho?"

"Nini?"

"Huo mlio."

"Ni wa kwako, chérie. Mwangwi tu."

"Wa kwangu nimeshauzima."

"Basi mtandao unachelewa. Sikiliza, wenzangu wananiita. Nitakupigia."

Simu ikakatika.

"Beta, mwanangu, wamempata huyo mtoto?" mama yake, Rozmin, aliuliza kutoka sebuleni.

"Bado, mama."

Kitunguu kilibaki ubaoni, nusu kimekatwa.

*

Siku iliyofuata alimsimulia Jeptoo, rafiki yake waliyekuwa wakifanya kazi naye mapokezi, kwenye kliniki ya macho pale Mount Dennis. Jeptoo alizaliwa Eldoret na hakujua kuficha anachofikiri.

"Hiyo alert haivuki bahari, Nazira. Huyo jamaa yuko Ontario."

"Amesema ni mwangwi."

"Mwangwi wa nini na simu yako ilikuwa imenyamaza? Hebu niambie, umewahi kumwona kwa video?"

"Mara nyingi tu."

"Akiwa wapi?"

"Chumbani kwake."

"Na dirisha? Umewahi kuona dirisha lake?"

Nazira alijaribu kulikumbuka. Pazia lilikuwa limevutwa kila mara. Déogratias alisema mwanga unamuumiza kichwa baada ya kazi.

"Anakuja Jumamosi," alisema mwishowe. "Mama ameshaalika watu. Unajua nilivyohangaika kumshawishi mama akubali Mkristo? Atashuka kwenye ndege, nitamwona, hii hofu itaisha."

"Sawa. Lakini hutaenda peke yako. Nitakupeleka na gari langu."

Jioni Nazira alimwandikia Déogratias: *Jeptoo ananileta uwanjani na gari. Tutatokea kazini moja kwa moja.*

Jibu likaja papo hapo: *Vizuri. Vaa koti la kijani. Lile jeusi halikupendezi.*

Alisoma mara mbili. Koti jeusi alikuwa amelinunua juzi, na hakukumbuka kumwambia mtu yeyote. Labda alimwambia. Walizungumza mengi.

*

Jumamosi baridi iliuma. Walitoka kliniki mchana, Jeptoo akawasha gari, likakohoa na kunyamaza. Akajaribu tena. Halikutoa hata kikohozi.

"Betri imekufa. Haya, twende treni. Stesheni si hapo tu?"

Treni ya uwanja wa ndege ilikuja ikiwa na nafasi tele. Wakakaa viti vya nyuma. Nazira alikuwa amevaa koti la kijani, na mapajani ameweka maua. Kituo kilichofuata kilikuwa Weston, kituo cha nyumbani kwao.

Milango ikafunguka. Wakaingia watu wachache na mabegi. Wa mwisho alikuwa mwanamume mrefu, anavuta sanduku la bluu lililoonekana jepesi mno, maana alilinyanyua kwa vidole viwili.

Jeptoo, aliyemjua kwa picha, alimshika Nazira mkono kwa nguvu.

Déogratias aliketi mbele yao, safu kadhaa, akiwapa mgongo. Treni ikaondoka.

"Mungu wangu," Nazira alinong'ona. "Ni yeye."

"Usiseme kitu. Mwandikie."

Nazira akaandika: *Umefika wapi mpenzi?*

Wakamwona anatoa simu, anasoma, anatabasamu. Wakaona bega lake likicheza akiandika.

*Ndege inashuka sasa. Naliona ziwa lenu limeganda. Moyo unanidunda.*

Kisha Déogratias akafungua mfuko wa pembeni wa sanduku, akatoa mto mdogo wa safari, ule wa kuvaa shingoni, akauvaa. Akajisugua macho yakawa mekundu. Akavuruga kola ya shati. Alifanya hayo taratibu, bila haraka, kama mtu aliyewahi kuyafanya.

Nazira alisimama. Jeptoo alijaribu kumzuia, akashindwa, akamfuata.

"Karibu Toronto, Déo."

Aligeuka. Hakushtuka, na hilo ndilo lililomtia Nazira hofu kuliko vyote. Alimtazama yeye, akamtazama Jeptoo, akavua ule mto polepole.

"Ulisema mnakuja na gari."

"Gari limegoma. Kama tramu zenu."

"Kaa, Nazira. Watu wanatutazama."

"Waache watazame. Hukuwahi kuondoka?"

"Niliondoka. Nikarudi kabla ya theluji ya kwanza."

"Unaishi wapi?"

Alisitasita, kisha akajibu kana kwamba anatoa habari njema.

"Weston. Jengo la ng'ambo ya kwenu. Dirisha langu linatazama jikoni kwako."

"Woi!" Jeptoo aliziba mdomo.

Nazira alirudi nyuma hatua moja. Alishika chuma cha kiti. Majira yote ya baridi alikuwa amesimama pale jikoni na kanga ya nyumbani, nywele hazijachanwa, akicheka na simu.

"Kwa nini?" aliuliza. "Kama ulikuwa hapo, kwa nini hukubisha hodi? Ningekufungulia."

"Ndiyo maana sikubisha." Sauti yake ilikuwa ile ile, laini, ya kila siku. "Mke wangu alinidanganya nikiishi naye nyumba moja. Mbele ya mwanamume kila mwanamke ni malaika. Nikaapa sitaoa tena mpaka nimwone mtu akiwa peke yake, asipojua anaonwa. Wewe nimekuona. Hakuna mwanamume aliyeingia kwako. Unampaka mama yako mafuta ya magoti. Unaomba dua. Unalala mapema. Umefaulu, Nazira."

Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa kijisanduku cha pete.

"Umefaulu. Wengine hawakufika hata Krismasi."

"Wengine?" Jeptoo alidakia. "Wengine wangapi?"

Déogratias alifungua kijisanduku. Hakumtazama hata kidogo.

"Na habari za Lyon?" Nazira aliuliza. Hakujua kwa nini anauliza hilo.

"Nilikuwa nazisoma kila asubuhi, kwenye kurasa za habari za mji. Tramu ziligoma kweli. Mto ulijaa kweli. Hapo sikukudanganya."

"Na mama wa mikate?"

Kwa mara ya kwanza alitazama chini.

"Huyo nilimtunga. Siku moja tu. Ukawa unaniuliza habari zake kila siku, nikashindwa kumwacha."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Nazira. Alikuwa amemnunulia yule mama zawadi ya mjukuu, kofia ya sufu ya manjano, apewe siku watakapokwenda kutembea Lyon wakiwa mume na mke.

"Déo," alisema, akijifuta kwa mkono wa koti. "Mimi nilikuwa nakupenda. Peke yangu, pale jikoni, bila kujua naonwa. Hilo nalo uliliona?"

"Nililiona. Ndiyo maana nina pete."

"Hukupaswa kuliona. Nilikuwa nakwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kila siku. Kwako halikutosha."

"Nazira, mtihani umekwisha. Sasa tunaweza kuishi."

"Mimi sikufanya mtihani wako. Nilikuwa nakata vitunguu nyumbani kwangu. Rudisha hiyo pete mfukoni."

Treni ilipunguza mwendo. Déogratias alisimama, akamkamata kifundo cha mkono. Hakukaza. Alikishika tu, kama mtu anayeshika mali yake.

"Utatulia," alisema kwa sauti ya chini. "Nakujua kuliko unavyojijua. Ukikasirika unapika biriani, kesho yake unasamehe."

"Mwachie!" Jeptoo alipiga kelele hata behewa zima likageuka. "Wewe mwanaume, mwachie mkono! Kuna mtu anaweza kuita polisi?"

Mzee mmoja aliyevaa kilemba alisimama. Msichana mwenye mkoba wa mgongoni akainua simu kurekodi. Mhudumu wa treni akaja mbio. Déogratias aliachia, akatabasamu kwa watu wote kama anayewaomba radhi kwa ugomvi mdogo wa kifamilia, na milango ilipofunguka uwanjani akashuka, anavuta sanduku lake tupu katikati ya wasafiri wa kweli. Alipofika kwenye ngazi za umeme aligeuka, akamwonyesha Nazira kwa kidole: koti. Kisha akainua dole gumba.

Maua yalibaki kwenye kiti cha nyuma.

*

Polisi waliandika maelezo, wakaahidi kumwonya asimsogelee. Wageni wa mama waliambiwa mgeni hakuja. Rozmin hakuuliza mengi. Alimkumbatia binti yake mlangoni, kisha akaenda jikoni kuvuta pazia, akakuta jikoni hakuna pazia. Hawakuwahi kuhitaji.

Zebunissa, mama wa Kampala aliyefahamiana na Rozmin na aliyepangisha vyumba jengo la ng'ambo, ndiye aliyewapigia siku chache baadaye.

"Polisi wameshaniuliza maswali yao. Yule kijana kahama, hakuacha anwani. Nazira, kama unataka kuja kuona, njoo. Kama hutaki, nitakuelewa."

Alikwenda na Jeptoo. Chumba kilikuwa kisafi, kimefagiwa. Hakikuwa na kitanda, kwani Déogratias alilala kwenye godoro, na godoro amehama nalo. Kilichobaki ni kiti kimoja cha mbao kando ya dirisha, na juu yake takia lililokwisha kubonyea.

"Usikae hapo," Jeptoo alisema.

Nazira alikaa.

Ng'ambo ya barabara, karibu kuliko alivyodhani, aliliona jiko lake. Aliona birika. Aliona kalenda ya jamatkhana, nyumba yao ya ibada, ukutani na taulo la sahani kwenye mpini wa oveni. Mama yake alikuwa anaosha vikombe, mdomo unacheza, bila shaka anaimba ule wimbo wake wa utotoni Mwanza akidhani yuko peke yake. Nazira alimpungia mkono. Mama hakuinua kichwa. Nazira alipunga tena, kwa mikono miwili, na bado mama aliendelea kuosha na kuimba.

Akatoa simu, akapiga. Akamwona mama anajifuta mikono.

"Haloo? Beta, uko wapi?"

"Nipo jirani tu, mama. Zima taa ya jikoni, ukakae sebuleni."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nakuja sasa hivi."

Alisubiri mpaka dirisha likawa giza. Kisha akasimama, akakishika kile kiti miguu, akakipiga sakafuni mpaka kikavunjika. Zebunissa hakumzuia. Alikwenda kuleta mfuko wa taka.