Jina Chini ya Utepe

Ndugu zangu, nawasimulia haya nikiwa na aibu, maana nilikuwepo na mkono niliuinua.

Jumamosi ile nyumbani kwa Mwalimu Agyekum, hapa Kumasi, kulikuwa shwari. Tulikuwa tumeshiba fufu, na sisi wanakamati wa shule tumeizunguka kompyuta yake, tunaisifu. Miaka minne haijamsumbua hata siku moja.

"Watoto wetu wanataka kama hii," nikasema. "Umeitoa wapi, Mwalimu?"

Akakohoa. "Ng'ambo."

Binti yake, Dufie, alikuwa ananinawisha mikono. Maji yakamwagika pembeni. Yeye ndiye aliyeiunda, katika karakana yake mtaani Asafo, na jina lake akalichonga kwenye kifuniko. Baba akalifunika kwa utepe mweusi, wageni wasimcheke kwa kutumia kazi ya binti. Hayo sisi hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba Dufie anaomba kutuundia kompyuta thelathini, na kwamba tukimnyima, karakana inafungwa.

"Zako tutazikalia, bibie," akasema Afrakoma, mwenyekiti wetu. "Si vigoda vya shule vimevunjika?"

Tukacheka. Kwetu binti hamkanushi baba mbele ya wageni. Dufie akamtazama baba yake tu, akingoja neno moja. Mwalimu akawa anaangalia kucha zake.

Tukapiga kura kwa kuinua mikono, tukaagiza za ng'ambo. Karakana ikafungwa, na Dufie akaenda huko huko ng'ambo, kukaza skrubu katika kiwanda cha watu. Mwaka haukuisha, nusu ya kompyuta zetu zikafa, na hakuna fundi aliyepata vipuri vyake.

Juzi nilikwenda kwa Mwalimu kumwomba ushauri. Nilimkuta ameubandua utepe. DUFIE, herufi zimechongwa kwa mkono uliotulia. Anazipapasa kwa kidole.

"Kumbe," nikasema, nikakosa pa kutazama.

"Nimempigia leo. Nikamwambia, mama, jina lako liko wazi sasa, rudi nyumbani."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama bado inawaka. Nikamwambia inawaka. Akasema niitunze, maana huko anaunda mia kwa siku na hakuna hata moja anayoruhusiwa kuiandika jina lake."

FUNZO

Kitu cha mtoto wako kikiwa kizuri, kitaje kwa jina lake, siku ile anayokuhitaji. Na sisi wanunuzi tujaribu kitu kwanza, ndipo tuulize kilikotoka. Tulichokitaka kilikuwa mezani mbele yetu, na aliyekiunda alikuwa ananimiminia maji. Namkumbuka kila ninaponawa.