Kengele kwenye Mashua ya Mwalimu

Kengele ya gesi ililia ikiwa bado ndani ya boksi, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu mwenye akili zake afunge virago. Lakini fundi, ambaye gati zima walimwita Pua kwa jinsi alivyojisifu kunusa gesi kuliko mashine yoyote, alicheka tu, akasema itakuwa ina chaji ya kiwandani.

Mashua ya matanga aliyokuja kuifungia kengele hiyo ilikuwa ya kaka yake, mwalimu mstaafu aliyehamia humo na mkewe. Wiki nzima mwalimu alikuwa hoi kwa homa kwenye chumba cha mbele. Mkewe ndiye aliyeomba kengele ifungwe, maana kila asubuhi alikuta jiko limefunguliwa na hakuna aliyeligusa.

"Shemeji, siku moja tutalala tusiamke," alikuwa amemwambia Pua jana yake, na hakuwa anatania.

Pua alibandua ubao wa sakafu. Gesi ya kupikia ni nzito, hushuka na kutuama, kwa hiyo kifaa cha kuinusa hufungwa huko huko chini, penye giza na maji machafu. Aliunganisha nyaya, akasogeza kiberiti cha gesi bila kukiwasha, akabonyeza kidogo. Kengele ikalia. Akajipongeza.

Ikanyamaza, kisha ikalia tena. Mtungi alikuwa ameufunga mwenyewe, kiberiti kimo mfukoni. Nje ilikuwa mchana kweupe, watu wanapiga soga, lakini humo ndani palianza kuwa na baridi. Pua alinusa. Hakukuwa na gesi hata chembe, ila harufu ya nywele zilizoungua.

"Shemeji," ilisema sauti ya mke wa kaka yake kutoka chumba cha mbele, sauti ya chini ya mtu anayeuguza. "Izime kengele kidogo. Mgonjwa ndio kwanza amepata usingizi."

"Lakini kuna kitu kinanuka, shemeji."

"Izime tu. Utaendelea akiamka."

Pua akakata waya. Nani abishane na mke wa kaka yake? Akapanda juu kupunga hewa, na hapo akamwona shemeji yake huyo huyo anakuja gatini, mfuko wa dawa mkononi, jasho linamtoka.

"Umemwacha na nani?" aliuliza yule mama. "Mimi nimetoka tangu asubuhi."

Miguu ya Pua ilikuwa imeshashuka ngazi, na huko chini gesi, gesi ya kweli safari hii, ilikuwa ikifoka kutoka kwenye mtungi alioufunga kwa mkono wake mwenyewe, na kule mbele mtu alikuwa akimbembeleza kaka yake alale, taratibu, kwa sauti ileile, na sauti hiyo haikutoka kitandani bali chini ya kitanda, chini ya mbao, kule gesi inakotuama.

Alifunga mtungi, akambeba kaka yake mgongoni, akamlaza gatini. Alikuwa anapumua. Mkewe alipiga magoti, akamshika mkono, akalia kwa furaha.

Mwalimu alifumbua macho. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni, kisha akautoa mkono wake polepole.

"Samahani, dada," alisema. "Mke wangu nimemwacha ndani. Ananiita nikalale."