Viti vya Kumkaribisha Kaka

Haya yalimpata rafiki yangu, muuguzi. Alikwenda kwa jirani kuazima viti vya karamu ya kumkaribisha kaka yake aliyerudi kutoka vitani.

“Vichukue tu, mwanangu,” mama jirani alisema, “ila mimi siji. Wale askari wa kwanza kurudi tuliwapokea kwa shangwe. Siku hizi tunaona haya hata kuwataja.”

Hakuja mtu. Kaka alikaa peke yake mbele ya chakula kilichopoa, kisha umeme ukakatika. Gizani rafiki yangu alisikia viti vikiburutwa sakafuni, kimoja baada ya kingine, na kaka akicheka kwa mara ya kwanza tangu awazike wenzake kule vitani.

“Mmechelewa, washenzi nyie! Kaeni, kaeni.”

Umeme uliporudi, kaka alikuwa analia. Rafiki yangu akaanza kukusanya viti vitupu. Kila kimoja kilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameinuka hapo sasa hivi.