Hodi ya Maame Pokuaa

Soko la Kejetia lilikuwa limefurika wanunuzi wa nguo za msiba, lakini Dokta Afriyie, kapendeza ndani ya gauni la njano, hakuwa na habari na vitambaa. Alikodolea macho shingo ya muuzaji.

"Dada, kitambaa kiko huku, sio shingoni kwangu."

"Naangalia hilo doa. Mimi daktari wa ngozi. Hebu inama."

Akatoa dermatoskopu, kile kitochi chenye kioo cha kukuza, akakigandamiza shingoni mwake.

"Nitapona, Dokta?"

"Alama ya kuzaliwa tu hiyo."

"Angalia tena. Mimi sina haraka."

Hivyo ndivyo alivyompata Ofosu, yule muuzaji. Mapenzi yakanoga, hata Ofosu akatangaza kwamba wazee wake watakwenda kwa kina Afriyie kubisha hodi, ndiyo posa yenyewe. Kwanza akampeleka kwa mama yake, Maame Pokuaa.

Ofosu alipotoka kununua soda, mama akafungua blauzi. "Mwanangu, joto limenitoa vipele."

Zamani alikatwa titi kwa saratani, akaambiwa amepona. Sasa vipele vya kahawia vilizunguka kovu, vigumu, visivyowasha. Kwa macho matupu hata Afriyie angesema ni joto. Chini ya kitochi aliona rangi ya waridi iliyofichwa na weusi wa ngozi, na vijishipa vya damu vilivyopindapinda ovyo. Aliogopa.

"Maame, sidhani kama ni joto. Nahofia saratani imerudi, imeingia kwenye ngozi. Lazima kikatwe kipande kikapimwe."

"Nitakuja hospitali. Ila Ofosu asijue mpaka hodi ipite. Wajomba zako watauliza kama kwetu kuna ugonjwa. Wakisikia saratani, mwanangu hapati mke."

Siri ilikuwa ya mgonjwa, Afriyie akaitunza. Ila kumdanganya Ofosu hakuweza, akaacha kupokea simu zake. Siku aliyopokea, alijuta.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Umetoka kwa mama yangu ukanikimbia. Umeona nyumba yetu si ya hadhi yako, eti Dokta?"

"Usiseme hivyo, Ofosu."

"Basi sema wewe!"

Afriyie akasema hawezi. Ofosu akasema basi waachane, akakata simu, na Afriyie akalia kama mtoto.

Majibu ya kipimo yalipotoka, ilikuwa saratani kweli. "Dawa zinaanza Jumatatu, Maame," alisema Afriyie. "Mwambie mwanao, atakuhitaji na utamhitaji. Mimi ameshaniacha."

Mama alishtuka. "Amekuacha, na bado hukumwambia?"

"Si langu kulisema."

Jumamosi hodi ikabishwa kwa kina Afriyie. Mbele alikuwa Maame Pokuaa, kavaa vazi la buluu, na nyuma yake Ofosu, macho mekundu tangu mama alipomweleza yote. Mjomba Nsiah akauliza lile swali la siku zote: kwenu kuna ugonjwa?

Msemaji wa kina Ofosu alitaka kujibu. Mama akamtangulia.

"Upo. Wangu mimi. Saratani ya titi, imefika kwenye ngozi. Binti yenu ndiye aliyeiona, akanitunzia siri mpaka mwanangu akamtukana. Kabla sijaomba mke, naomba msamaha."

"Nisamehe, Afriyie," Ofosu akasema.

Mjomba akaichukua chupa ya pombe waliyoileta kina Ofosu kama posa. Desturi ni binti kuulizwa mara tatu kama ipokelewe.

"Wewe daktari, ugonjwa huu unaujua kuliko sisi. Tuipokee?"

"Ipokeeni."

"Nauliza tena. Tuipokee?"

Afriyie akainuka, akavuka kati ya wazee wote, akaenda kukaa karibu na Maame Pokuaa na kumshika mkono.

"Mjomba," akasema, "hata kwa swali la tatu, jibu ni hilo hilo."