Mto Ulipohama

Kila asubuhi Chausiku aliteka maji Mto Mgeta, uliotenganisha mashamba ya ukoo wa mama yake na yale ya ukoo wa baba yake. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo mkubwa wake alikuwa Mjomba Maneno, mtu mkali kama pilipili, asiyebishiwa hata na mbuzi wake.

Masika moja, enzi za Wajerumani, mto ulifurika ukachimba njia mpya kwa siku moja tu. Shamba la magimbi la Rehani, baba yake Chausiku, likajikuta upande wa mjomba.

"Mpaka ni mto," alisema Mjomba Maneno. "Umehama, na shamba limehama nao."

Lakini kando ya mkondo wa zamani yalikuwepo masale, mimea ya mpaka iliyopandwa na wazee. Mjomba alimwamuru Chausiku ayang'oe. Mizizi ilimshinda, basi akayakata mashina, akafukia visiki kwa mchanga na kunyamaza.

Kesho yake Rehani alikuja na mdogo wake kulima. Mjomba na wapwa zake walikuwa wakiwasubiri shambani, na hapakuwa na salamu. Panga la mjomba lilimpasua Rehani bega. Mdogo wa Rehani naye akamvunja mkono mpwa mmoja wa Maneno kwa mpini wa jembe. Damu ilitapakaa kwenye majani ya magimbi.

Akida, mtawala wa eneo aliyewekwa na Wajerumani, alifika na askari wawili.

"Masale yako wapi?" alimwuliza Rehani, aliyedai kuwa masale ndiyo mpaka. Hayakuonekana. "Mwongo! Hamsa ishirini! Viboko ishirini na vitano!"

Rehani alilazwa kifudifudi, bega likivuja damu. Kiboko kikaanza kulia. Chausiku alimwogopa mjomba kuliko chui, lakini pigo la tisa lilipochana ngozi ya baba yake, alikimbia mbele.

"Shikamoo, bwana akida! Mwacheni baba! Masale niliyakata mimi, nimetumwa na mjomba. Visiki vimo mchangani!"

Mjomba alimzaba Chausiku kofi hadi akaanguka. Askari walichimba, visiki vikatokea kimoja baada ya kingine.

"Shamba ni la Rehani," akida aliamua. "Viboko kumi na sita vilivyobaki, apigwe Maneno."

Chausiku alilia, maana alimpenda mjomba wake pia.

Nyumbani, mama yake alikuwa akiosha majeraha ya Rehani kwa maji ya vuguvugu.

"Mama, nimeuaibisha ukoo wetu," Chausiku alisema.

"Aliyeuaibisha ni kaka yangu. Mto ukiruka ghafla, mpaka hubaki pale ulipopandwa. Hiyo ndiyo sheria ya wazee." Mama alikamua kitambaa chenye damu. "Umesema kweli, mwanangu, na nakushukuru. Ila hesabu mgongo huu: viboko tisa. Kweli isemwe kabla ya kiboko cha kwanza."