Kiti cha Pembeni

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mume wa Mama Kasuku alikuwa na kidonda chake chekundu, kimeegeshwa uani, na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Gari la spoti, la viti viwili. Mtu ana mke, ana mtoto, anaishi na mama yake mzazi, halafu ananunua gari la watu wawili! Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mama Kasuku hakucheka. Alijua ameletewa mke mwenza wa bati, na mke mwenza huyo ndiye aliyepanguswa kila jioni kwa kitambaa laini na kuitwa mpenzi.

Jioni moja alikuwa anatoka dukani, mkate kwapani, giza ndiyo kwanza linaingia. Alipofika kwenye kona ya nyumba alisikia injini ikinguruma polepole kama kawaida, maana mumewe alikuwa bado anailainisha. Injini mpya haikimbizwi, ndivyo alivyokuwa akiwahubiria. Unaiwasha, unaiacha ipate joto, unaitembeza taratibu, mshale usipande, mpaka vyuma vyake vizoeane.

Mwanzoni ilikuwa inakwaruza. Leo ilikuwa tamu... ilikuwa inaimba.

Mama Kasuku akasimama.

Wimbo ule aliujua. Ulikuwa wa mkwewe, aliyekuwa akiuimba kutwa nzima huku anafagia, mpaka juzi mwanawe alipomtembeza kwenye hilo gari. Alirudi hana sauti. Daktari alisema ni koo tu, litapona. Tangu hapo bibi wa watu alikuwa kitandani, anasogeza midomo.

Injini ikafika katikati ya wimbo. Ikanyamaza kidogo.

“Kh-hm.”

Ikaendelea.

Mkwewe naye hakuwahi kupita hapo bila kukohoa. Na ile harufu iliyotoka kwenye ekzosi haikuwa ya petroli. Ilikuwa pumzi ya mtu mzee anayefyonza pipi za kikohozi.

Mkate ukamtoka. Akakimbilia uani. Kwenye kiti cha pembeni, mkanda kifuani, alikaa mwanawe wa pekee, yule waliyemwita Kasuku kwa sababu hata usingizini alikuwa anaongea. Sasa alikuwa kimya. Midomo tu ndiyo iliyocheza.

“Baba Kasuku! Unampeleka wapi mtoto?”

“Punguza sauti.” Mumewe alikuwa anapangusa boneti, hata macho hakuinua. “Aliyeniuzia alisema kiti cha pembeni kisikae kitupu mpaka injini ilainike.”

“Mama yako umemfanya nini?”

“Mama ni mzee. Ameshasema vya kutosha.”

“Na huyu?”

“Huyu anasema mno.”

Alilisema hilo kama mtu anayeomba asogezewe chumvi. Mama Kasuku alimchukia pale pale, chuki kavu, isiyo na machozi. Akafungua mlango, akauvuta mkanda. Haukuachia. Akauvuta tena, ukazidi kumbana mtoto. Na chini ya ule wimbo, ndani ya injini, kitu kingine kilikuwa kimeanza... kauli ndogondogo, nyembamba, za haraka.

“Mama mbona... mama ona... mama kwa nini...”

Akazunguka, akajitupa kwenye kiti cha dereva. Kuendesha alikuwa hajui. Alijua jambo moja tu, kwa kuwa mumewe alikuwa akilirudia kama sala: injini mpya haipigwi resi.

Akakanyaga mafuta mpaka mwisho.

“Acha! Utaiua!”

Mshale ukapanda, ukaingia kwenye nyekundu. Injini ikapiga yowe, yowe la mwanamke mzee. Kitu kikapasuka mle ndani. Moshi. Mkanda ukafunguka wenyewe.

Alimbeba mtoto mpaka chumbani kwa mkwewe, akafunga mlango kwa ufunguo.

“Kasuku, sema na mama. Sema chochote, mwanangu.”

Mtoto akafumbua mdomo.

“Kh-hm.”

Akaanza kuimba. Sauti ilikuwa nzito, iliyochakaa. Kule kitandani bibi yake aliisikia, akaziba masikio kwa viganja viwili, machozi yakimtiririka.

Mama Kasuku akaelewa. Sauti aliikomboa, lakini siyo aliyoiendea.

Nje kulikuwa na hatua za mtu. Akachungulia dirishani. Mwanamume asiyemjua, mwenye glavu nyeupe, alikuwa anafungua mlango wa dereva, na Mama Kasuku hakuhitaji kuambiwa kwamba huyo ndiye muuzaji. Mumewe, bila kuitwa, alizunguka upande wa pili, akaketi kwenye kiti cha pembeni, akajifunga mkanda.

Ufunguo ukazungushwa. Gari lililokufa likawaka mara moja.

Halikunguruma. Lilicheka, kicheko cha mtoto anayetekenywa.

“Mama, ona!” likasema. “Mama, mbona huji?”

Likatoka getini taratibu, kama injini mpya inavyotakiwa. Mama Kasuku aliukimbilia mlango, ufunguo hauingii kwenye tundu. Nyuma yake mtoto alikohoa kidogo, akaendelea kuimba.